Jivu, Tabaka na Ufa: Istilahi za Mwendo wa Ardhi Magharibi mwa Nairobi

Makala haya yanachunguza iwapo istilahi "ufa", katika jina Bonde la Ufa, inabeba dhana nzima ya mwendo wa ardhi unaodhihirishwa na matabaka ya jivu la volkano.

Jivu lenyewe li karibu. Vijito vya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo (upatanisho wa majina hayo una mjadala wake) hupita Kilimani na Kileleshwa, katika bonde ambalo wanajiolojia waliita miamba ya jivu kwa jina lake. Mawe ya namna hiyo, mepesi kuchongwa, yamejenga kuta nyingi za jiji.

Tabaka la jivu ni tarehe iliyoandikwa ardhini. Husomwa katika fuwele zenye potasiamu: sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi isiyobadilika, na gesi hiyo huanza kujikusanya fuwele inapopoa. Usomaji huo una mitego. Tabaka la KBS, mashariki mwa Ziwa Turkana, lilitangazwa mwaka 1970 kuwa na umri wa takriban miaka milioni 2.6. Visukuku vya nguruwe vikatia shaka, na vipimo vya baadaye vikaushusha umri huo hadi karibu milioni 1.9.

Ng'ambo ya vilima vya Ngong, kusini-magharibi mwa Nairobi, iko Olorgesailie. Mashapo yake ya ziwa la kale, ya tangu takriban miaka milioni 1.2 hadi 500,000 iliyopita, yana matabaka ya jivu yaliyopimwa umri. Jivu lililotua ziwani hulala sawasawa. Basi tabaka moja likikutwa limekatika, upande mmoja juu na mwingine chini, ardhi ilisogea baada ya tarehe ya jivu hilo. Na iwapo tabaka changa lililo juu yake halikukatika, ilisogea kabla ya tarehe ya hilo la pili.

Hapo ndipo istilahi inapopungua. Ufa ambao methali yataka uzibwe huachanisha pande mbili za ukuta. Haushushi upande mmoja. "Mpasuko" una kasoro iyo hiyo. Jina Bonde la Ufa limekwisha kuzoeleka, wala hakuna haja ya kulibadili. Katika maelezo ya kitaaluma, hata hivyo, "ufa" ubaki kwa mstari unaokata matabaka, na "mdidimio" utumike kwa kipimo cha mita ambazo upande mmoja umeshuka.