SOMO LA MAARIFA: INVETA YA SOLA KUTOKA NG'AMBO NA UMEME WA NYUMBANI KWETU

 

Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi wetu, mwaka jana madrasa yetu hapa Mbeya ilipokea zawadi ya inveta ya sola kutoka kwa familia ambayo kijana wao anaishi Marekani. Paneli na betri tulikuwa nazo tayari. Tulifurahi sana, maana umeme ukikatika baada ya Magharibi darasa la jioni husoma kwa mwanga wa simu. Fundi akaja, akaunganisha nyaya, akachomeka kile kisoketi cha kugeuzia pini bapa za Kimarekani, akawasha. Balbu ya kizamani ikawaka nyekundu kama kaa la jiko. Kipaza sauti kikanguruma tu, hata aliye uani hasikii kitu. Waliokuwepo wakasema betri mbovu. Betri haikuwa na kosa lolote.

Kosa letu lilikuwa kutosoma kibandiko. Umeme wa TANESCO unaoingia majumbani mwetu ni wa volti 230, nao hugeuka na kurudi mara 50 kila sekunde (kwenye kibandiko huandikwa 50 Hz). Marekani ni volti 120, mara 60. Kile kisoketi hubadilisha umbo la pini peke yake. Volti hakizigusi.

Chukueni daftari. Ukizipunguza volti kwa karibu nusu, nguvu ya kifaa cha moto haipungui kwa nusu, hupungua hadi karibu robo, kwa sababu volti huzidishwa kwa zenyewe. Pasi ya kwetu ya wati 1,000 ikipewa volti 120 hutoa kama wati 270 tu. Sasa geuzeni: pasi ya Marekani ya wati 1,000 ikichomekwa kwenye ukuta wetu itajaribu kuvuta karibu wati 3,700, na hapo ndipo mtakaposikia harufu. Inveta yetu pia ina mlango wa kuchaji betri kutoka umeme wa ukutani, na mwenzetu mmoja alikwisha shika waya aichomeke TANESCO. Alhamdulillahi alizuiwa.

Si Marekani peke yake. Vitu vilivyotumika Japani, ambavyo huja nchini pamoja na magari, ni vya volti 100. Saudia majumba yalitumia volti 127 kwa miaka mingi hadi mwaka 2010 serikali ilipoamua kuhamia 230, lakini mizunguko yao ni 60 mpaka leo. Basi mahujaji wanaoleta vyombo wasome kibandiko kabla ya kulipa. Oman ni volti 240, mara 50, kwa hiyo kinachotoka Muscat kwa kawaida hakitusumbui.

Je, inveta hii inaweza kugeuzwa? Wapo mafundi wanaosema, "Nifungue, nibadilishe ndani." Sisi tunashauri mkatae. Umeme wa volti 120, kila unapopanda kileleni, hufika kama volti 170. Wa 230 hufika kama 325. Vipuri vya ndani vilipangiwa kiasi cha kwanza, ukivibebesha cha pili vitapasuka. Na ndani yake mna vipuri vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuzimwa, vinaweza kumrusha mtu. Baadhi ya inveta zina swichi ndogo ya kuchagua 50 au 60. Hiyo hugeuza mizunguko, volti hubaki zilezile.

Njia iliyo salama zaidi ni kuweka transfoma ya kupandisha 120 kuwa 230 baada ya inveta, yenye uwezo unaozidi mzigo wenu. Kama mmechagua 50, hakikisheni transfoma imeandikwa inafaa kwa 50. Kwa taa, chaja za simu na kompyuta njia hii inatosha. Kwa friji ni jambo jingine. Mzazi mmoja wa Mafinga, mkoani Iringa, aliunganisha hivyo friji ya maziwa kwa mizunguko 60. Volti zilikuwa sawa kabisa, lakini mota ya kwetu ikipewa 60 hutaka kwenda kasi kwa moja ya tano zaidi. Ilipata joto kali, siku nyingine ikagoma kuanza. Tena transfoma hunywa umeme usiku kucha hata kama hakuna taa inayowaka.

Wengi hudanganyika na inveta ya Marekani iliyoandikwa 240. Hiyo 240 ni nyaya mbili zenye moto, kila mmoja volti 120. Swichi za nyumba zetu hukata waya mmoja tu. Mtoto akizima taa ili abadilishe balbu, waya wa pili bado una moto. Inveta ya namna hiyo msiifunge kwenye nyaya za nyumba.

Na inveta yoyote, hata iliyo sahihi, isiunganishwe na nyumba bila swichi ya kubadilishia, inayokubali upande mmoja tu: TANESCO au sola. Bila hiyo umeme wenu utarudi mtaani, na transfoma ya mtaani itaupandisha hadi maelfu ya volti. Aliye juu ya nguzo anaamini kwamba laini imezimwa.

Sisi tuliamua kutoibadilisha. Paneli na betri hazina nchi, umeme wake ni mnyofu na volti 12 ni 12 popote. Hata baridi ya Juni hapa kwetu haiipunguzii paneli nguvu, bali huiongezea kidogo jua likiwapo. Kilichohitaji kubadilishwa ni inveta peke yake. Kwa kuwa ilitolewa kwa ajili ya mwanga wa madrasa, tuliwaomba ruhusa waliotoa, wakakubali iuzwe na fedha zinunue nyingine. Mnunuzi wa kwanza hakuuliza chochote. Tulimweleza kwamba ni ya volti 120, akaondoka, na baadhi yetu walinung'unika. Lakini kuficha aibu ya bidhaa hakujuzu, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kuirudisha. Baada ya wiki kadhaa alikuja mwenye mashine za Kimarekani, akaichukua kwa furaha, ingawa kwa bei ndogo. Tuliongezea kwa michango ya wazazi. Sasa tuna inveta ya 230, na darasa la jioni halikatizwi.

ZOEZI
1. Betri ya volti 12 inalisha mzigo wa wati 600. Bila kuhesabu upotevu, waya wa betri unapitisha ampea ngapi? Kwa nini uwe mnene?
2. Kwa nini chaja ya simu iliyoandikwa 100–240 haihitaji transfoma?
3. Someni kibandiko cha kifaa kimoja nyumbani, mkiwa na mzazi na kifaa kikiwa kimechomolewa. Andikeni volti, mizunguko na wati zake, mje nazo darasani.