ALIYETUKOMBOA ALIMLIPA NANI?

Katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza mtoto mmoja alituuliza swali lililotunyamazisha kitambo. Alikuwa amekwisha kujifunza kwamba Bwana Yesu ametukomboa kwa damu yake. Naye akataka kujua: ikiwa alitununua, bei alimlipa nani? Aliambiwa kwamba ataelewa akikua. Lakini twaona ya kuwa wengi wetu tumekua na hatujaelewa, na wazazi huulizwa neno hilo hilo nyumbani. Basi juma hili tutalijibu, na kwa ajili hiyo twawaomba wasomaji wafuatane nasi mpaka Mbweni, katika kisiwa cha Unguja. Huko neno kukomboa lilikuwa neno la reale na minyororo kabla halijawa neno la katekisimu.

Mbweni iko pwani, kusini mwa Mji Mkongwe. Mwaka 1871 Askofu Tozer wa misioni ya Waanglikana alinunua shamba pale, na katika miaka iliyofuata wakaletwa watu waliotolewa na manowari za Kiingereza katika majahazi ya watumwa. Wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Wasichana wakasomeshwa katika shule ya Mtakatifu Maria, ambayo magofu yake yangalipo. Bibi Caroline Thackeray, aliyeisimamia miaka mingi, alifia pale pale Mbweni mwaka 1926. Mapadre wetu wa kwanza walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misioni ya Bagamoyo. Wao walikwenda sokoni wenyewe, fedha mkononi, wakawanunua watoto ili wawaweke huru.

Fedha ile alipewa nani? Alipewa mwuzaji. Akaitia mfukoni akaenda zake, na hakuna aliyemzuia asitafute watoto wengine. Jambo hili ni chungu, wala si vema kulificha: kila mtoto aliyekombolewa kwa fedha alimwachia mwizi faida. Wala msomaji asidhani kwamba biashara ile ilikuwa ya watu wa dini moja. Mwaka 1776 Mfaransa Morice, Mkristo wa jina, alipatana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila mtu. Piastre ishirini kwa kiumbe aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, mwenye roho isiyokufa!

Hata utumwa ulipokatazwa, hesabu iliendelea kwenda kombo. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwezi wa Aprili 1897 Sultani alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Amri ile ilitaja fidia. Lakini aliyepewa fidia ni bwana, kwa kupotewa na mtumwa wake. Mtumwa mwenyewe hakulipwa kitu kwa miaka aliyonyang'anywa.

Basi je, ndivyo alivyotukomboa Kristo? Alimlipa Shetani, kama padre alivyomlipa mwuzaji sokoni? Wako waliosema hivyo hapo kale, na Origeni wa Aleksandria katika karne ya 3 alielekea huko. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, karne ya 4, alilikataa wazo hilo kabisa; aliona ni aibu kufikiri kwamba mnyang'anyi apewe malipo, tena malipo ya damu ya Mwana wa Mungu. Nasi tuliotazama soko la Unguja twaona ukweli wa maneno yake. Mwenye kumwiba mtoto wa watu hana haki juu yake, hata akimshika miaka mia. Shetani alitudanganya, hakutununua. Hana anachotudai.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba bei ilitolewa kwa Mungu, si kwa Shetani. Hapa tena tujihadhari. Wengine humwaza Baba wa mbinguni kama yule bwana wa mwaka 1897, amekaa akingoja fidia yake ndipo aachilie. Sivyo hata kidogo. Ni Baba mwenyewe aliyemtuma Mwana, kwa upendo, tungali wakosefu. Adamu alimnyima Mungu utii. Sisi wanawe hatukuweza kuurudisha, kwa kuwa chochote tumpacho Mungu ni chake tangu awali. Ndipo Mwana akatwaa ubinadamu wetu, na katika ubinadamu huo huo akampa Baba utii na upendo mpaka mauti. Hiyo ndiyo bei.

Labda mtoto atauliza, inakuwaje bei ambayo hakuna aliyeitia mfukoni? Tumweleze habari ya nahodha Brownrigg. Mwezi wa Desemba 1881, karibu na Pemba, alilikaribia jahazi lililochukua watumwa (nalo, kwa aibu yetu, lilitweka bendera ya Ufaransa). Waliomo wakamshambulia, naye akauawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Alimlipa nani? Hakumlipa mtu, aliowapigania hawakuwa na deni kwa yeyote. Walakini hakuna awezaye kusema kwamba kazi ile haikumgharimu. Mfano huu ni mdogo mno kwa Msalaba, maana nahodha hakujua siku yake, na Bwana wetu aliijua saa yake akaiendea. Lakini kwa mtoto utamfungulia njia.

Kuna neno moja zaidi ambalo watu wa Mbweni walilijua kuliko sisi. Kutolewa jahazini si mwisho wa mambo. Katika pwani ile mtumwa aliyeachwa aliitwa huru, lakini hakuwa mwungwana. Hakuwa na ukoo, wala baba wa kumtaja, wala mjomba wa kumsimamia arusini. Wokovu ungalikuwa nusu kama Mungu angalitukata minyororo tu akatuacha ufukoni. Mtume Paulo awaambia Wagalatia kwamba sisi si watumwa tena, bali wana, na kama wana, basi warithi. Ndiyo maana ya Ubatizo: hatufutiwi dhambi ya asili tu, twaingizwa katika ukoo. Twapewa Baba, twapewa Mama, twapewa ndugu wengi wasiohesabika, na wasimamizi wa ubatizo husimama mahali pa jamaa. Wazazi wanaoahirisha ubatizo wa mtoto miezi na miezi wakingoja fedha za karamu walitafakari hilo.

Kati ya waliopata kutumika Mbweni alikuwako mtu mmoja wa kabila la Wayao, aliyeuzwa Unguja angali mtoto, akawekwa huru, akalelewa na misioni ya Waanglikana. Mwaka 1890 wakamweka kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misioni yao. Jina lake la Ubatizo lilikuwa Cecil. Lile jingine, ambalo kila mtu wa pwani alielewa maana yake bila kufasiriwa, lilikuwa Majaliwa.