Kutoka Hadubini hadi Kalamu

Mwambie mtafiti amchore mbu wa malaria, uone kalamu inavyosita. Kwenye ripoti aliandika tu "Anofelesi jike" akaendelea na yake. Kwenye karatasi lazima aamue. Anofelesi akitua ukutani huinamisha kichwa, mkia juu. Mbu wa aina ya Kuleksi hulala sambamba na ukuta. Vipapasio vya kando ya mdomo wa Anofelesi jike hukaribia urefu wa mrija wake wa kufyonzea damu, ilhali vya Kuleksi jike ni vifupi. Ukikosea hapo umechora mbu mwingine. Aliyeinamia hadubini miaka mitano anayajua haya, na huo ndio mtaji wake akitaka kuhamia kwenye uchoraji wa kisayansi. Mkono hufundishika.

Janet Iwasa wa Marekani alipita njia hiyo. Alisomea biolojia ya seli hadi uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Huko aliona uhuishaji wa kinesini, protini inayobeba mizigo ndani ya seli kwa hatua za nanomita 8, naye akaenda kujifunza ufundi huo. Sasa ndiyo kazi yake, katika Chuo Kikuu cha Utah.

Usikimbilie kuacha ajira. Anza na mchoro mmoja wa makala yako mwenyewe, ule unaokukera kila ukiuona, uuchore upya. Kisha omba wa maabara ya jirani. Inkscape na Blender ni programu za bure, na maumbo ya protini hupakuliwa bure kutoka Protein Data Bank.

Kwa uhuishaji, piga hesabu kabla ya kuahidi. Ukitumia picha 24 kwa sekunde, sekunde 10 ni picha 240. Kompyuta ikichukua dakika 2 kwa kila picha, hizo ni saa 8. Halafu mteja aseme rangi ya seli haimpendezi. (Atasema.) Kwa hiyo mwonyeshe kwanza michoro ya penseli, aikubali kwa maandishi, ndipo uiachie mashine kazi.

Mkataba utaje malipo ya awali, idadi ya marekebisho, hakimiliki ni ya nani na jina lako litakaa wapi. Watafiti wamezoea kulipana kwa shukrani mwishoni mwa makala. Fundi wa umeme hapokei hizo.

Na pale ambapo sayansi yenyewe bado inabahatisha, chora kwa nukta nukta, uandike pembeni kuwa ni dhana.