Mirathi na Desimali: Jumla Kutimia Si Dalili ya Haki



Ndugu zangu, ukishajulikana nyumbani kuwa unasoma chuo, ipo siku utaitwa kwenye kikao cha mirathi na kupewa kalamu. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, lakini ukikosea, mtu anakula haki ya mwingine.

Tuchukue mfano. Mume amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Madeni na wasia vimekwishatolewa. Kimebaki kiwanja cha mstatili, mita 48 kwa 25, yaani mita za mraba 1,200.

Kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12, mke ana 1/8 kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Katika 7/8 iliyobaki, wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kwa mafungu 24: mke 3, wa kiume 14, wa kike 7.

Wengi hukimbilia kikokotoo: 0.125, 0.5833… na 0.2916… Wakikadiria kwa nafasi mbili za desimali, wanapata 0.13, 0.58 na 0.29. Jumla ni 1 kamili, basi wanaridhika. Zidisha kwa 1,200: mke 156, wa kiume 696, wa kike 348.

Sasa tumia mafungu. 1,200 ÷ 24 = 50. Mke 150, wa kiume 700, wa kike 350. Kumbe mke alizidishiwa mita za mraba 6, na watoto wakapunjwa 4 na 2! Ikiwa watoto hao ni yatima wadogo, soma aya ya 10 ya sura hiyohiyo.

Kanuni: baki na sehemu mpaka mwisho, desimali ije wakati wa kupima tu.

Uwanjani, ikiwa barabara inapita upande wa mita 48, gawa upande huo: kila fungu mita 2. Mke 6, wa kiume 28, wa kike 14, na kila mmoja ana njia. Kiwanja kikiwa pembetatu, gawa kitako kwa mafungu yaleyale, kisha vuta mistari hadi kipeo. Kimo ni kimoja, hivyo maeneo hufuata vitako.

Al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, aliweka vipimo vya maeneo na masuala ya mirathi pamoja. Nasi tusivitenganishe.

Wallahu a'lam.