SOMO LA MWEZI: KITABU NYUMA YA LANGO



Mwezi huu twaitazama kazi ambayo ni wachache waijuao: kazi ya mkutubi, yaani mtunza maktaba, katika magereza na hospitali za wagonjwa wa akili. Sisi wa Mkonze hatuwezi kusema jambo hili li mbali nasi. Hapo mjini Dodoma ipo Hospitali ya Mirembe, na chini yake Taasisi ya Isanga, wanakopelekwa kwa amri ya mahakama watu waliotenda makosa wakiwa wagonjwa wa akili. Lipo pia Gereza la Isanga. Nchi nzima jina la Mirembe limefanywa tusi. Nasi tulio jirani tumelitamka, na wengine wetu tumelitamka huku ndugu yetu mwenyewe yumo ndani.

1. Haja yenyewe

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu vyake pia (2 Timotheo 4:13). Angalieni: baridi ya mwili na njaa ya akili amezitaja pamoja.

Karibu na siku zetu, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa huko Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya siasa. Mashairi yake aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, nayo yakachapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Huko Uganda, Susan Kigula, aliyekuwa amehukumiwa kufa, alisoma sheria akiwa ndani ya Gereza la Luzira, kwa masomo ya Chuo Kikuu cha London. Aliachiliwa mwaka 2016.

Mataifa nayo yamekiri haja hii. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955, zilizorekebishwa mwaka 2015 na kuitwa Kanuni za Nelson Mandela, zataka kila gereza liwe na maktaba kwa ajili ya wafungwa wa namna zote, yenye vitabu vya elimu na vya burudani pia.

2. Kazi yenyewe

Wengi hudhani kazi hii ni kupeleka sanduku la vitabu vilivyochakaa. Sivyo.

Kwanza, mkutubi huchagua. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu twajua kwamba asomaye kwa shida, ukimpa kitabu kigumu, umemfungia mlango mara ya pili.

Pili, huujali mwili. Dawa nyingine za ugonjwa wa akili hutia macho ukungu na mikono kutetemeka. Mgonjwa akirudisha kitabu bila kukisoma, si mvivu. Apewe maandishi makubwa au hadithi fupi, ama asomewe kwa sauti pamoja na wenzake.

Tatu, hushika utaratibu. Vitabu hukaguliwa kabla ya kuingia. Mkutubi hafichi barua ndani ya kitabu hata akiombwa kwa machozi, maana ikigunduliwa, wote watakosa vitabu.

Nne, huchunga mdomo. Hamwulizi msomaji kosa lake wala ugonjwa wake, wala hatangazi fulani anasoma nini.

3. Daftari la kuazima

Kwetu sisi, kuandikwa jina katika daftari la kuazima ni jambo dogo. Lakini yule aliye ndani hakuna amwaminiye na kitu. Mkutubi aandikapo jina lake na tarehe ya kurudisha, amemwambia: kitu hiki ni cha wote, nami najua utakirudisha. Pengine kitarudi kimepungua kurasa mbili zilizosokotewa tumbaku. Mkutubi mwema huzungumza naye, kisha humwazima tena.

Hapa yatupasa kuungama. Zamani jirani yetu aliyetoka hospitali alituomba kitabu. Tukampa, tukamwambia asijisumbue kukirudisha. Tulidhani tumemtendea wema. Alikitazama, akakiweka mezani, akaenda zake. Ilituchukua miaka kuelewa tulichomwambia: kwamba hatukumtazamia kitu, wala hatukumtazamia tena mlangoni petu. Sadaka ingeweza kumpa mtu yeyote. Alichokuja kutafuta kwetu ni kuaminiwa.

Basi, ndugu zetu, tukitaka kusaidia, tusianze na sanduku. Tuwaulize kwanza wakuu wa mahali pale ni nini kinachohitajika na nini kinachoruhusiwa. Na wale waliokwisha kurudi nyumbani, tuwaazime vitu vyetu, tuwatajie na siku ya kurudisha.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini Paulo alitaka vitabu ijapokuwa alijua mwisho wake u karibu?
2. Kutoa na kuazima vyatofautianaje kwa mtu aliyedharauliwa?
3. Je, mtaani kwetu yuko nani aliyerudi, ambaye bado hatujamwamini na kitu?