KOBALTI: MADINI YENYE JINA LA PEPO



Kila siku hapa Katanga tunachimba na kusafisha kobalti. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua jina hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwa pepo.

Miaka 500 hivi iliyopita, huko Saksonia katika Ujerumani, wachimbaji walitafuta madini ya fedha. Mara nyingine walipata jiwe zito lenye kung'aa kama fedha. Walipolichoma, fedha haikutoka. Ulitoka moshi wenye kudhuru, na jiwe lenyewe lilitia vidonda mikononi na miguuni. Wakasema ni kazi ya «kobold», pepo mtundu wa chini ya ardhi.

Mganga mmoja aliyeishi karibu na migodi hiyo, Georgius Agricola, alifundisha njia ya kujikinga. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1556 kinashauri maboti marefu, glavu zinazofika kwenye kiwiko, na kitambaa usoni ili vumbi lisiingie kifuani.

Karibu na mwaka 1735, mjini Stockholm, mtaalamu wa kemia Georg Brandt alichunguza mawe yanayotia vioo rangi ya buluu. Wengi walidhani rangi hiyo inatokana na bismuti. Brandt alionyesha kwamba inatokana na madini mapya, ndiyo kobalti. Na ule moshi wa sumu? Ulikuwa wa arseniki iliyokaa pamoja na kobalti ndani ya jiwe. Pepo hakuwako.

Hapa kwetu kobalti hutoka zaidi pamoja na shaba. Hata hivyo, vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu laweza kuleta kikohozi na pumu, na likigusa ngozi laweza kuleta upele. Vumbi la mwamba nalo hukausha mapafu, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa.

Basi, tushike haya:

1. Toboa mwamba kwa maji, usitoboe ukavu.
2. Vaa maski inayobana vizuri usoni. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi laini.
3. Usipulize vumbi la nguo kwa hewa ya mashini.
4. Nawa mikono kabla ya kula. Nguo za kazi zisifike nyumbani kwa mama na watoto.
5. Ukikohoa siku nyingi au ukikosa pumzi, mwambie kapita, uende kwa mganga, umweleze unafanya kazi gani.

Ndugu, mwenzako akianza kukonda na kukohoa, usikimbilie kusema amerogwa. Siku zinazopotea kwa kumtafuta mchawi ni siku ambazo vumbi linaendelea kumla kifua. Mpeleke hospitalini mapema.

Mapafu hayana akiba. Tuyalinde!