Mzee Aliyejiita Bilal

Kila Mwislamu anamjua Seyidna Bilal r.a., Mwafrika aliyekuwa mtumwa katika Makka, akateswa juu ya mchanga wa moto kwa ajili ya imani yake, kisha akawa mwadhini wa Mtume s.a.w. Lakini ni wachache wajuao ya kwamba miaka kama 1,200 baadaye, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mtumwa mwingine alisimama mbele ya hakimu akalitaja jina hilo kuwa ndilo lake.

Hayo yalitokea katika mji wa Salvador, jimbo la Bahia, nchini Brazili, mwaka 1835. Mji ule ulikuwa na watu 65,000 hivi, na katika kila watu watano wawili na zaidi walikuwa watumwa. Waafrika wengi wa huko walikuwa Wayoruba na Wahausa waliotekwa vitani makwao, na baadhi yao walikuwa Waislamu waliosoma. Watu wa Bahia waliwaita Malê. Mchana walibeba mizigo ya mabwana mitaani; usiku walikusanyika vyumbani wakifundishana herufi za Kiarabu juu ya mbao, mfano wa zile walizosomea wazee wetu wa pwani vyuoni. Nao waliyafanya hayo katika nchi ambayo watu huru wengi hawakujua kusoma!

Mmoja wa walimu wao alikuwa mzee aliyejulikana kwa jina la Pacífico Licutan. Mara mbili wenzake walichanga fedha ili wamkomboe, na mara mbili bwana wake, aliyekuwa tabibu, alikataa. Kisha bwana huyo akashindwa kulipa madeni yake, na mnamo Novemba 1834 mzee akatiwa gerezani. Si kwa kosa lolote, bali kama mali iliyokamatwa, ingojayo kupigwa mnada. Watu hawakuacha kwenda huko kumwona na kupata dua yake.

Waislamu wale waliazimia kuinuka alfajiri ya Jumapili, tarehe 25 Januari 1835. Zilikuwa siku za mwisho za Ramadhani, na wakazi wengi wa mji wangekuwa Bonfim kwa sikukuu ya kanisa. Lakini siri ilifichuka usiku. Askari walipoifikia nyumba moja kuipekua, waliokuwamo wakatoka na panga kabla ya wakati wao. Na walikwenda wapi kwanza? Walilikimbilia gereza ili wamtoe mzee wao. Risasi ziliwarudisha nyuma. Watu wapatao 600 walipigana mitaani hadi Água de Meninos, penye kambi ya askari wa farasi, na hapo wakavunjwa. Zaidi ya 70 walikufa, wengine kwa kuzama walipojaribu kuogelea.

Ndipo msako ulipoanza. Karatasi yenye maandishi ya Kiarabu ilihesabiwa kuwa ushahidi wa uasi, ingawa nyingi zilikuwa na aya za Kurani Tukufu na dua tu, na nyingine ni mazoezi ya wanafunzi waliokuwa wakijifunza kuandika.

Mzee Licutan hakutoka gerezani usiku ule. Hata hivyo alishtakiwa. Alipoulizwa jina lake alijibu kuwa ni Bilal. Hakimu akakasirika, akasema ajulikana kuwa ni Licutan. Mzee akakiri kwamba kweli huitwa hivyo, lakini akasema aweza kujiita jina alitakalo. Hakumtaja mwenziwe hata mmoja. Alihukumiwa viboko visivyopungua 1,000.

Tarehe 14 Mei wanne waliuawa kwa risasi, maana hakupatikana mtu wa kukubali kazi ya kunyonga. Waafrika wengi waliokuwa huru walifukuzwa nchini, wakarudishwa Afrika Magharibi. Brazili iliendelea na utumwa hadi tarehe 13 Mei 1888, ikawa nchi ya mwisho kabisa katika mabara ya Amerika kuufuta. Karatasi zile zilizowatia watu hatiani zimehifadhiwa hadi leo katika nyumba ya nyaraka ya Bahia, na ajuaye Kiarabu aweza kuzisoma.